Lori la Mwisho Kwenye Kanda

Chelang'at mwanangu,

Nakuomba kabla hujasoma mstari wa pili: yaliyomo humu yabaki kwako. Usimsomee rafiki utakayempata kwenye kitanda cha jirani, hata akiwa mwema kiasi gani. Usimwambie mjomba wako. Usimwambie kogo, nyanya yako, mpaka nimwambie mimi. Hata Auma wa ofisini kwetu, ambaye atakupeleka shuleni kesho na ambaye anajua nusu ya habari hii, asijue kwamba nimekuandikia. Ukimaliza, ikunje uirudishe chini ya shuka, pale nilipoificha, ufunge sanduku. Kuna mambo humu ambayo kufikia kesho jioni watu wengi watakuwa wameyasikia, na hayo hayatakuwa siri tena. Lakini jinsi mama yako alivyoogopa, hiyo nakuachia wewe peke yako.

Sitaandika juu ya sabuni, wala kufuli, wala namna ya kuanika soksi zisiibwe. Hayo tumeyasema mpaka umechoka. Leo mchana uliniuliza, "Mama, hiyo kufuli unaijaribu tena?" ukacheka. Ni kweli nilikuwa naijaribu tena. Usichojua ni kwamba ulipotoka kwenda kuchota maji niliijaribu mara nyingine.

Ulinuna niliposema si mimi nitakayekupeleka. Nilikuambia kuna mkutano wa makarani Kericho, nawe ukageuka ukaendelea kupiga pasi sketi ambayo ilikuwa imeshanyooka. Hukuuliza mkutano wa nini. Sasa nakueleza, na itabidi nianzie mbali kidogo.

Unaijua ile kompyuta ya ofisini kwetu. Uliwahi kukaa kwenye kiti changu ukauliza kwa nini haina picha kama ile ya Meneja. Haina kwa sababu inatumia Linux, na hiyo Linux yetu ni maandishi matupu, meupe juu ya weusi. Unaiandikia amri, nayo inajibu au inanyamaza. Fundi kijana aliyetuletea kutoka Nairobi alitusifia kwamba haizimiki ovyo na haina bei. Alinifundisha wiki chache, kisha akapata kazi ng'ambo. Tangu aondoke, mimi ndiye pekee hapa kiwandani ninayejua kuzungumza nayo.

Ndani yake mna kilo za majani ya chai ya kila mkulima, kutoka kila kituo cha kununulia majani. Jioni malori yanaingia moja baada ya jingine. Karani wa lori ananiletea vitabu vya kituo chake, naingiza hesabu, nakifunga kituo hicho, halafu nakiandika kwenye kanda kabla lori linalofuata halijapiga honi getini. Kanda yenyewe ni kama ile ya redio yetu, ila hiyo hushika hesabu badala ya nyimbo. Diski ya kompyuta ikifa siku moja, tunaisoma kanda na kila kitu kinarudi. Ndiyo maana yake. Lori la mwisho siku zote ni la kule karibu na msitu, ambako barabara ni matope matupu. Dereva wake huingia akisema, "Hata sisi ni watu, mama. Mtuandike." Nami humjibu, "Mmeandikwa." Likumbuke hilo lori.

Bwana Koech, ndiye Meneja, aliniomba niandike ukurasa mmoja wa maelekezo, ili siku nikiugua mtu mwingine aweze kuandika kanda. Unajua nilivyo. Niliuandika kwa siku nyingi kuliko ulivyohitaji, nikaupiga taipu, nikaupiga tena kwa sababu ya doa moja. Ulimpendeza mno hata akautoa kopi akawapelekea mameneja wa viwanda vingine vya huku vilivyoletewa mashine kama yetu. Makarani wao wakaufuata neno kwa neno. Ile saa iliyo juu ya kabati letu, uliyokuwa unauliza nimeipata wapi, nilipewa kwa ajili ya ukurasa huo.

Na kanda zenyewe, laiti ungeziona. Kila moja nimeiandikia lebo kwa mwandiko ule niliofundishwa na masista, tarehe na wiki, zimepangwa kwenye kabati la chuma. Wageni wakija, Meneja hulifungua lile kabati kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

Kisha ikaja ile mvua ya mawe iliyotoboa bati la jikoni kwetu. Radi ilipiga nguzo ya stima nyuma ya ofisi. Mashine ya kanda iliungua, ikanuka kama nywele zilizoshika moto. Diski ilipona, lakini faili la kituo kimoja, cha wakulima wa Boito, liliharibika lisisomeke. Wazee wa Boito walikuja wakiwa na wasiwasi, na Meneja akawapokea pale uani. "Msijali," akawaambia. "Kila kitu kiko kwenye kanda, na mwenye kanda ni huyu." Akaninyoshea mkono. Wazee wakageuka kunitazama. Mmoja alivua kofia.

Mashine mpya ya kanda ilipofika, nilipewa mimi niifunge. Auma alinishikia tochi. Meneja alivuta kiti akakaa nyuma yetu na kikombe chake cha chai, na hapo vidole vyangu vikaanza kuteleza, kwa sababu siwezi kufanya kazi nikitazamwa. Siku zote nimekuwa hivyo. Darasani nilikuwa najua jibu na sinyanyui mkono.

Diski na mashine ya kanda vimeshikana kwenye waya mmoja mpana, na kila kimoja kina namba yake. Kompyuta inapoamka hupita ikiziita namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikingoja ione ni nani ataitika. Kila ninapoitazama ikifanya hivyo nakukumbuka wewe ulipozaliwa kule Siongiroi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimelala upande wa ukuta, sina sauti. Kogo na wanawake wa jirani walikuzunguka wakaanza kuita majina ya watu wetu waliokufa, mmoja mmoja, wakisubiri upige chafya, maana atakayeitwa ukapiga chafya ndiye aliyerudi. Uliwakatalia wengi. Mwishowe kogo alitaja Taprandich, mama yake mwenyewe, na ukapiga chafya ndogo kama ya paka. Wanawake wakapiga vigelegele. Baadaye shangazi mmoja alininong'oneza kwamba kogo alikuwa na ugoro kwenye kidole, kwa sababu alishachoka kungoja.

Basi kompyuta ikaita. "Imeitika?" Meneja akauliza.

"Bado."

"Ipake ugoro puani."

Auma, ambaye kwao ni ziwani, akataka kujua ugoro unahusu nini na kompyuta. Meneja akaanza kumweleza, na tulikuwa tunacheka wote watatu nilipoona mstari uliofuata. Kompyuta ilisema haioni diski. Si mashine mpya tu. Hata diski iliyokuwa nzima asubuhi haikuitika. Kilo za wakulima wote, wa vituo vyote, zilikuwa humo.

Nilishika ukingo wa meza. Meneja aliacha kucheka. Nakuambia ukweli, mwanangu, nilitazama mlango. Niliufikiria sawasawa: nitatoka, nitapita getini, nitakuchukua nyumbani na tutakwenda. Kitu kilichonizuia hakikuwa ushujaa. Auma alikuwa amesimama katikati ya njia na tochi yake.

Halafu nikafanya jambo dogo. Nilizima, nikakitoa kile nilichokuwa nimekiongeza mwisho, nikawasha tena bila hicho. Diski ikaitika. Basi hapo nikajua haijafa, na kwamba ugomvi uko kati yake na mgeni. Nilipoigeuza mashine mpya nikaona vipini vyake vidogo kwa nyuma, vile vinavyoipa namba. Ilitoka kiwandani kwao ikiwa na namba ileile ya diski yetu. Kompyuta ilipoita, wote wawili waliitika kwa pamoja, na ikawa kama haijasikia mtu. Nikahamisha kipini kimoja, kidogo kama ukucha wa mtoto. Tukawasha. Diski ikaitika, na mashine ya kanda ikaitika.

"Imepiga chafya," Auma akasema.

Lakini ilikuwa inaitika na kukwama. Inazunguka kidogo, inanyamaza, kompyuta inalalamika. Nilitaka kubadilisha vitu vitatu kwa mara moja ili Meneja aone nina kasi. Nikajizuia. Nilibadilisha kimoja, nikatazama, nikakirudisha, ndipo nikaenda kwa kingine. Jibu lilikuwa mwisho wa ule waya. Mwisho wa waya lazima ufungwe, la sivyo ujumbe unafika pale unagonga na kurudi nyuma, unachanganyika na unaokuja. Mashine ya zamani ilikuwa imekaa mwisho kabisa na ilikuwa inaufunga yenyewe bila mtu kujua. Mpya nayo ilikuwa na kifungo cha kuufunga, lakini hakikuwa kimewashwa. Nilipokiwasha ikazunguka laini, bila kukohoa. Meneja alisimama akanipa mkono, akaenda nyumbani akiwa na furaha.

Laiti habari ingeishia hapo, ningekupeleka shuleni mimi mwenyewe.

Nilichukua kanda ya wiki waliyoitaka wazee wa Boito, nikaisoma. Kilitoka kituo cha msituni. Nikaiambia isogee mbele, kwenye kituo kinachofuata. Hakuna. Nikaweka kanda nyingine. Msituni. Nyingine. Msituni. Auma alikuwa anazitoa kabatini ananipa, na lebo zangu nzuri zikawa zinarundikana mezani, na kila kanda ilikuwa na lori la mwisho tu.

"Labda hii mpya haijui kusoma za zamani," Auma akasema.

Nilitamani iwe hivyo. Niliandika vitu viwili vidogo kwenye kanda tupu, kwa kufuata ukurasa wangu mwenyewe. Niliposoma, kilikuwapo cha pili peke yake.

Nikueleze, si jambo gumu. Mashine ya kanda inaweza kuitwa kwa njia mbili. Ukiiita kwa njia ya kwanza, kila ikimaliza kazi inajirudisha mwanzo wa kanda yenyewe. Ukiiita kwa njia ya pili, inakaa palepale iliposimama, ikingoja kazi nyingine. Mimi niliandika ukurasa wangu kwa njia ya kwanza. Kwa mtu anayeandika mara moja kwa siku, haina neno. Lakini sisi huandika kila lori linapoingia. Lori la kwanza linaandikwa, kanda inarudi mwanzo. La pili linaandikwa juu ya la kwanza. La tatu juu ya la pili. Kila jioni, mwaka nenda mwaka rudi, nilikuwa nawafuta watu wote kwa utaratibu na usafi, nabakiza wale wa matopeni wanaolalamika kwamba wamesahauliwa. Na kompyuta haikusema kosa hata siku moja, kwa sababu haikukosea. Ilifanya nilichoiambia.

Auma alivuta kiti akakaa. Akaniita binti wa Siongiroi kwa Kijaluo chake, "Nyar Siongiroi, sikiliza. Badilisha hiyo amri. Anza kanda mpya leo. Nyamaza. Kunywa chai."

"Na Boito?"

"Boito radi imekula. Nani atabisha na radi?"

"Na viwanda vingine?"

"Hivyo vina makarani wao. Wewe una mtoto anaingia Form One, na nyumba ambayo si yako. Unataka kujichimbia kaburi kwa jembe la kampuni?" Alipoona nimeanza kulia akanipa leso yake. "Hata hivyo wanasema hizi kompyuta zote zitakufa mwaka elfu mbili ukiingia. Ngoja tu. Mtakuwa sawa wote."

Nilicheka, kwa sababu Auma hawezi kuacha mtu alie bila kumchekesha. Lakini usimwone mbaya. Alikuwa ananitetea.

Jumatatu Meneja aliingia kabla sijavua koti. "Kanda za Boito zinasema nini?" Nikaanza kufungua vifungo vya koti. Alinitazama, akatazama ukuta ulioungua siku ya radi, akajijibu mwenyewe: "Radi imekula na kanda pia, sivyo?"

Nilinyamaza. Naye akauchukua ukimya wangu kama jibu, akaenda kuandika ripoti yake. Mlangoni akageuka. "Usihuzunike, si kosa lako. Na Ijumaa utakuja nami Kericho. Makarani wa viwanda vyote watakuwapo. Utawafundisha ule ukurasa wako."

Huo ndio mkutano wa kesho.

Sasa nataka nikuambie kitu ambacho hukumbuki, maana ulikuwa hujafikisha hata mwaka. Uliugua kifua, nikakubeba mpaka hospitali ya Kaplong. Nesi alinipa chupa mbili za dawa akanieleza: hii hivi, hii vile, hii kabla ya maziwa, hii baada, hii ukiona homa imeshuka uiache. Alisema haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. "Umeelewa?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Sikuwa nimeelewa. Nilikuwa msichana aliyefaulu mitihani, nimevaa leso mgongoni, wanawake wakubwa wananitazama, na niliona aibu kusema sijaelewa dawa za mtoto wangu.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita. "Wewe msichana, rudi. Hebu niambie mimi sasa. Utampaje?"

Nilijaribu. Nilizigeuza chupa. Wanawake wawili walicheka. Yule nesi hakucheka, wala hakunikaripia. Alinieleza upya, akaniambia niseme. Nikakosea. Akaeleza tena. Nikasema mpaka nikaweza, na ile foleni yote ikangoja. Uliishi, Chela. Angeniacha niende na chupa zile na kichwa changu cha kutikisa, sijui ingekuwaje.

Miaka yote hiyo nimesimulia habari ya yule nesi kama habari ya wema wake. Sikuona kwamba alikuwa ananifundisha kazi. Fundi wa Nairobi naye aliniambia siku anaondoka, "Ukitaka kulala vizuri, soma ulichoandika." Nikatikisa kichwa. Lakini kusoma kanda kulichukua muda, na moyoni niliogopa kwamba nikiigusa iliyokwisha andikwa nitaiharibu. Basi nikaandika lebo. Nikatazama kama kompyuta imelalamika, nikaona haijalalamika, nikafunga kabati, nikajaribu kufuli. Mtu mwoga anaweza kuwa mwangalifu sana, mwanangu, na uangalifu wake wote ukaenda kwenye mambo yasiyomtisha. Mimi nilijaribu kufuli kila jioni, na ndani ya kabati hamkuwa na kitu.

Nimewaza wiki nzima kama Auma alisema kweli. Nimejaribu kuwa mtu wa kukubali ushauri wake. Nilibadilisha amri, ndiyo. Hapa kwetu kanda za wiki hii zina malori yote, nimezisoma moja moja. Ningeweza kukaa na hilo. Lakini tangu radi ile diski imeanza kutoa sauti, mlio mdogo kama kidole kinachogonga dirisha. Nimekuwa naisikiliza mchana kutwa. Na jana nikawaza: katika hivyo viwanda vingine, kuna karani kama mimi, labda na yeye ana mtoto, anaandika kanda jioni kwa ukurasa wangu, anaweka lebo, anaenda nyumbani akiwa na amani. Na diski yake inagonga dirisha. Yeye hajui, na ninayejua ni mimi peke yangu, na kesho nimealikwa nisimame mbele yake nimwambie aendelee.

Na kuna wazee wa Boito. Wakulima wanapewa risiti ya kila mzigo wa majani, vipande vidogo vya karatasi, wanavichomeka darini, ndani ya Biblia, kwenye kopo la sukari. Tukiwaambia leo kwamba hesabu yao imepotea ofisini na tunaomba risiti zao, wengi watazipata. Tukiendelea kuwaambia kanda, kanda, kanda, watazitumia kuwashia moto kidogo kidogo. Tayari mvua imeanza na kuni zimelowa.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho asubuhi, tukiwa njiani, nitamwambia Meneja kwanza, yeye peke yake, kwa sababu si haki asikie mbele za watu. Nitamwambia radi iliunguza mashine, haikugusa kanda hata moja. Nitamwambia nilinyamaza aliponiuliza na kwamba ripoti yake si ya kweli kwa sababu yangu. Akiniambia nishuke garini, nitatembea, maana Kericho naijua njia. Kisha nitaingia kwenye ule ukumbi na kanda mbili mkononi. Nitawaandikia kwa ukurasa wangu, niwasomee, waone kilichobaki. Nitawaandikia tena kwa njia iliyo sawa, niwasomee, waone. Halafu nitamwita mmoja wao mbele nimwambie, "Hebu niambie wewe sasa. Utaandikaje?" Sitamwacha aketi mpaka aweze.

Nimeifanyia mazoezi hiyo sentensi jikoni. Ulinisikia ukauliza nazungumza na nani. Nilisema na sufuria.

Naogopa sana. Naandika hivi ili usije ukadhani kwamba watu wanaoamua jambo huacha kuogopa. Nimejaribu kufuli ya mlango mpaka nimepoteza hesabu. Lakini nimegundua kwamba woga na uamuzi vinaweza kukaa chumba kimoja, kama mimi na Auma pale ofisini, yeye akisema lake na mimi nikifanya langu.

Shuleni utaulizwa "umeelewa?" mara nyingi kuliko utakavyoulizwa jambo lingine lolote. Walimu watakuuliza, matroni, wasichana wa vidato vya juu. Wewe una kichwa kizuri na una aibu yangu, nimeiona. Sikuombi uwe jasiri. Nakuomba tu, ukijiona unatikisa kichwa, usitoke mlangoni. Mwambie mwalimu, "Hebu nikueleze mimi, uone kama nimekosea." Watacheka wawili. Foleni itangoja. Na siku utakapovunja kitu na watu wamekaa nyuma yako na vikombe vyao, toa kile ulichokiongeza mwisho, uwashe tena, uone nani ataitika. Mengine yatafuata.

Ada ya muhula huu imelipwa yote, hilo lisikusumbue. Ya muhula ujao tutaitazama ikifika.

Sasa namna ya kunipata. Usiandike kwa sanduku la posta la kiwanda, na usiombe kupiga simu ya ofisini, maana sijui nani ataipokea. Huenda nikaendelea na kazi. Huenda kufikia Jumapili nikawa nimehamisha vitu vyetu kwenda kwa kogo, na ile saa nimeirudisha. Kwa hiyo andika Siongiroi, kwa kupitia kanisa letu, jina langu juu na la kogo chini. Bahasha zinasomwa majina Jumapili baada ya matangazo, na kogo hukaa benchi ya mbele. Yeye hasomi, na hampi mtu mwingine barua yenye jina langu. Popote nitakapokuwa, nitakwenda kuichukua. Siku ya wazazi kutembelea nitakuja, na kazi au bila kazi. Nitazame pale penye geti, nitakuwa nimevaa sweta ya kijani. Usiponiona mara moja, ita kwa nguvu. Nitaitika.

Nawe ukiniandikia, usiseme tu kwamba barua yangu imefika na kwamba u mzima. Niambie kwa maneno yako mwenyewe umesoma nini humu. Yote, kuanzia lori la kwanza.

Mama yako